Meza Moja, Mashine Mbili: Funzo Tulilolipata Karakanani Isongole

Mwanachuo yeyote aliyekwisha kukaa darasani japo muhula mmoja amekwisha kuisikia kanuni hii: mwalimu humtoa mtoto kwenye jambo analolijua na kumpeleka kwenye jambo asilolijua. Ni kanuni njema, nasi tumeifundisha kwa miaka kadhaa bila ya kuitilia shaka. Makala haya hayakusudii kuipinga. Yanakusudia kueleza jinsi sisi wenyewe tulivyoitumia nusu yake tu, na jinsi ile nusu tuliyoiacha ilivyomjeruhi mwanachuo wetu mmoja.

Jambo lenyewe lilitokea katika karakana ya fundi seremala, wala si darasani. Hata hivyo tunaamini kwamba lawahusu walimu wa shule za msingi, hata wale ambao hawatagusa mashine ya seremala maisha yao yote.

KAZI ILIYOTUPELEKA KARAKANANI

Isongole ni mji mdogo wa Wilaya ya Ileje, katika Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya. Ukitoka Tunduma hufika Mpemba, kisha huiacha barabara kuu na kushika njia ya Ileje kwa kilometa zipatazo 50. Ng'ambo ya Mto Songwe ni nchi ya Malawi, na watu wa pande zote mbili huoana, huuziana mazao na huelewana kwa Kilambya.

Tulikuwa huko kuwakagua wanachuo sita waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Siku za kwanza tuliona kwamba shule walizopangiwa zilikuwa na upungufu wa zana za hisabati. Tukakata shauri kutengeneza vibao vya thamani ya tarakimu. Kila kibao kilikuwa na mifuo mitatu: mmoja wa mamia, mmoja wa makumi na mmoja wa mamoja. Katika kila mfuo mtoto angesimamisha kadi ya plaiwudi yenye tarakimu, aione, aiondoe na kuiweka nyingine.

Fundi mmoja, mzee wa makamo, alitukaribisha katika karakana yake alasiri na siku za Jumamosi. Alikuwa na msumeno wa meza, yaani diski ya msumeno inayozunguka chini ya meza ya chuma na kuchomoza juu kidogo. Juu ya meza hiyo kuna egemeo, yaani chuma kirefu kilichonyooka ambacho ubao huegemezwa wakati unapokatwa. Msumeno huo ulikata mbao vizuri, lakini mifuo yetu ilitaka upana wa milimeta 6, na diski hukata upana wa milimeta 3 hivi. Ilikuwa lazima kupitisha kila ubao mara mbili kwa kila mfuo, kisha kusafisha kwa patasi. Isitoshe, kingo za vibao zilibaki kali, na vidole vya watoto wa Darasa la Kwanza haviwezi kuachiwa kingo kali.

Fundi alikuwa pia na ruta ya mkono, ile mashine ambayo mafundi huitumia kuchimba mifuo na kupiga maua kwenye milango. Ndipo tulipopendekeza tuunge kipande cha meza upande wa kulia wa msumeno, ruta ifungwe chini yake huku biti ikichomoza juu. Kwa njia hiyo ubao ungeletwa kwenye mashine, badala ya mashine kupelekwa kwenye ubao, na egemeo la msumeno lingetumika kwa kazi zote mbili. Mzee alikubali.

JINSI TULIVYOIUNGA MEZA

Tunaeleza hatua hizi kwa kifupi kwa faida ya wale watakaotaka kujaribu, wakiwa pamoja na fundi mzoefu.

1. Ubao wa meza. Tuligundisha plaiwudi mbili za milimeta 18 ili kupata unene wa milimeta 36, tukaziweka chini ya mizigo usiku kucha zisipinde. Urefu wake ulilingana na meza ya chuma kutoka mbele hadi nyuma, na upana ulikuwa milimeta 500. Pembezoni tulizungushia mbao za mninga.

2. Kuunga. Tuliifunga kwenye ubavu wa meza ya chuma kwa bolti tatu. Matundu ya bolti katika upande wetu tuliyachonga yawe marefu kwenda juu na chini, ili meza iweze kupandishwa au kushushwa kidogo kabla ya kukazwa. Upande wa nje tuliuwekea miguu miwili, maana ruta ni nzito na mtikisiko wake hulegeza kila kitu kisichoshikiliwa.

3. Bamba la ruta. Ruta haikufungwa moja kwa moja kwenye ubao. Unene wa milimeta 36 ungeimeza biti, nayo isingeweza kuchomoza vya kutosha. Tulinunua Tunduma bamba la aluminiamu la milimeta 6, tukalilaza katika tundu lenye kingo ndani yake. Chini ya kila pembe ya bamba tuliweka skrubu ya kulisawazisha.

4. Kusawazisha. Tulilaza rula ndefu ya chuma juu ya meza zote mbili. Mahali ambapo karatasi iliweza kupenya chini ya rula, tulijua kwamba pana bonde, nasi tukarekebisha. Kizingiti kidogo tu katika maungio hukwamisha ubao, na ubao uliokwama humshawishi mtu kuusukuma kwa nguvu.

5. Egemeo. Juu ya uso wa egemeo la chuma tulifunga ubao mnyoofu wenye pengo katikati, ili sehemu ya biti ijifiche ndani ya pengo hilo na sehemu nyingine ibaki nje ikikata.

6. Umeme. Ruta ya wati 1,800 huvuta ampea zipatazo 8 katika volti 230, na msumeno wa wati 2,200 huvuta zaidi ya 9. Zikiwashwa pamoja kutoka katika soketi moja ya ampea 13, waya utapata moto. Tuliweka sharti kwamba mashine moja huzimwa na kuchomolewa kabla ya nyingine kuchomekwa. Sharti hilo humlinda pia anayefanya kazi upande mmoja huku upande wa pili ukiwa umesahauliwa.

Hapana budi tuongeze onyo kuhusu biti. Madukani huuzwa biti zenye shina la milimeta 6 na nyingine zenye shina la robo ya inchi, ambalo ni milimeta 6.35. Kwa macho zinafanana. Ukitia shina la milimeta 6 katika kishikio cha robo inchi, huenda likaonekana limekaza, kumbe litateleza au kuchomoka wakati mashine inazunguka. Aidha, vumbi la ruta ni jembamba na huingia mapafuni kwa urahisi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani mwaka 1995. Barakoa na miwani ni lazima.

Kazi hiyo ilituchukua Jumamosi mbili. Meza ilipokamilika ilipendeza, nasi tulijivuna.

KOSA LETU

Katika juma la kwanza tulikuwa tumewafundisha wanachuo msumeno. Tuliwasimamisha mbele ya meza, tukawaonyesha kusukuma ubao kwenda mbele kufuata egemeo, kutumia kijiti cha kusukumia mkono unapoikaribia diski, na kutourudisha ubao nyuma diski ikizunguka. Tulirudia mara nyingi, nao wakarudia. Hadi mwisho wa juma walifanya bila ya kukumbushwa.

Meza ya ruta ilipokuwa tayari, tulijaribu wenyewe ubao mmoja, ukatoka vizuri. Kisha tuliwageukia wanachuo na kutamka maneno haya: “Meza ni ile ile na egemeo ni lile lile. Tofauti ni kwamba hapa pana biti badala ya diski.” Tuliona kwamba tumefuata kanuni barabara. Tulikuwa tumewatoa kwenye wanalolijua.

Mwanachuo wa kwanza kuitwa alikuwa ndiye hodari kuliko wenzake. Kazi ilikuwa kuviringisha ukingo wa kibao. Alisimama mbele, pale pale alipozoea kusimama. Aliegemeza kibao upande wa kulia wa egemeo, akakisukuma kwenda mbele kama tulivyomfundisha juma zima. Kilipoigusa biti, kibao kilichopoka mikononi mwake kama kilichovutwa kwa kamba, kikagonga ukuta wa nyuma. Mkono wake wa kulia, uliokuwa ukisukuma, ulikwenda pamoja nacho, na kidole cha shahada kikapita juu ya biti.

Mzee ndiye aliyezima mashine, maana sisi tulikuwa tumesimama tu. Alikifunga kidole kwa kitambaa safi, na kijana akapelekwa kwenye matibabu kwa pikipiki. Alipoteza ukucha na kipande cha nyama ya ncha ya kidole. Kidole kilipona baadaye, lakini hadi leo ni kifupi kidogo kuliko mwenzake.

Jioni tulimrudia Mzee kumwomba radhi kwa yaliyotokea katika karakana yake. Hakutulaumu. Alituuliza swali moja: “Mwalimu, ulimwambia asimame wapi?”

Hatukuwa na jibu. Hatukumwambia.

TOFAUTI AMBAZO HATUKUZITAJA

Siku iliyofuata tulikaa mbele ya meza hiyo, mashine zikiwa zimechomolewa, tukaandika yale tuliyopaswa kuyasema.

Ya kwanza ni mwelekeo. Meno ya diski ya msumeno hushuka upande wa mbele, yakimkabili mkataji. Kwa hiyo ubao husukumwa kutoka mbele kwenda nyuma ya meza ili ukutane na meno. Biti ya ruta iliyofungwa chini ya meza, ukiitazama kutoka juu, huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Egemeo likiwa kushoto kwa biti, ule upande wa biti unaokata ubao huelekea nyuma ya meza. Ili ubao ukutane na makali yanayoujia, lazima usukumwe kutoka nyuma kuja mbele, na mfanyakazi asimame ubavuni mwa meza akilikabili egemeo, akipeleka ubao kutoka mkono wake wa kulia kwenda wa kushoto. Ni kinyume kabisa cha msumeno. Anayesukuma kama kwenye msumeno huwa anaufuatisha ubao na mzunguko wa biti, nayo biti huunyakua.

Ya pili ni egemeo. Kwenye msumeno, egemeo lisipokuwa sambamba na diski, ubao hubanwa na kurushwa. Tulikuwa tumewahimiza wanachuo kupima usambamba kila mara. Kwenye ruta jambo hilo halina maana, kwa sababu biti ni duara. Hata egemeo likikaa upande, kinachohesabiwa ni umbali kati yake na biti. Hapa sheria kali ya mashine ya kwanza haikuwa na kazi katika mashine ya pili.

Ya tatu ni kina. Msumeno hupasua ubao wa milimeta 25 kwa safari moja. Ruta hutaka kupewa kidogo kidogo. Mfuo wa kina cha milimeta 9 huchimbwa kwa safari tatu za milimeta 3, biti ikipandishwa kila mara.

Ya nne ni mwendo. Diski ya msumeno wa namna ile huzunguka mara elfu chache kwa dakika. Ruta huzunguka mara 10,000 hata zaidi ya 20,000, na biti pana hutaka mwendo wa chini kuliko biti nyembamba.

Tulipoyatazama hayo tulitambua jambo lililotusumbua zaidi. Sisi tulipoujaribu ule ubao wa kwanza, tulisimama ubavuni na kuuleta kutoka nyuma kuja mbele. Tulifanya sawasawa. Mikono yetu ilijua, lakini midomo yetu haikusema, kwa sababu tulikuwa tumezoea kiasi cha kutoona kwamba kulikuwa na la kusema. Wahenga walinena kwamba mazoea yana taabu. Sisi tulidhani maneno hayo yamhusu mwanafunzi peke yake.

MAFUNZO KWA MWALIMU WA SHULE YA MSINGI

Ndugu msomaji, huenda ukasema kwamba darasani hapana biti. Ni kweli, lakini meza zilizoungwa zimo katika kila muhtasari.

Mtoto amejifunza kwamba 8 ni kubwa kuliko 4. Mwalimu akimletea sehemu bila ya kumtahadharisha, atasema kwamba moja ya nane ni kubwa kuliko moja ya nne, na atakuwa amefuata alichofundishwa. Amejua kwamba 35 ni kubwa kuliko 4, basi ataandika kwamba 0.35 ni kubwa kuliko 0.4. Amezoea kwamba kuzidisha hukuza idadi, kisha anakutana na 12 mara nusu na kupata 6, naye hufuta jibu lake sahihi akidhani amekosea. Katika mifano yote hiyo mtoto hakosi kwa ujinga. Anasukuma ubao kwa mwelekeo aliofundishwa, kwenye mashine ambayo hakuambiwa kwamba imebadilika.

Mwanachuo wetu alilithibitisha hilo mwenyewe. Jumatatu ile alikuwa na kipindi cha saa katika Darasa la Nne. Tulimwambia apumzike, akakataa. Kwa kuwa hakuweza kushika chaki kwa mkono wa kulia, aliwaita watoto waandike ubaoni kwa niaba yake. Kabla ya kufundisha kusoma saa kwa Kiingereza, aliagiza ubao ugawanywe sehemu mbili: yanayofanana na yasiyofanana. Watoto wakasema kwamba mishale ni ile ile, na dakika 60 ni zile zile. Upande wa pili wakaandika kwamba saa yetu moja asubuhi huitwa saa saba kwa Kiingereza, kwa sababu sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza, na wao huanza usiku wa manane. Mtoto mmoja akanyosha kidole, akasema kwamba kwa shangazi yake, ng'ambo ya mto, wakati huo ni saa kumi na mbili. Alikuwa sahihi, maana saa za Malawi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Mwalimu akaagiza nalo liandikwe katika safu ya yasiyofanana.

Kipindi hicho kilikuwa bora kuliko vyote tulivyokagua safari ile, na mwenye kukifundisha alikuwa na kidole kilichofungwa bendeji kwa kosa letu.

Fikra ya kutumia kazi ya mikono kumlea mtoto si ngeni. Uno Cygnaeus aliitetea huko Ufini, na mwaka 1866 kazi za mikono zikaingizwa katika shule za umma za nchi hiyo. Otto Salomon, katika chuo chake cha walimu cha Nääs nchini Uswidi, alizipanga kazi za mbao kwa mfululizo, kila kifaa kikiongeza mazoezi mapya machache juu ya yale ya zamani. Kwetu, Mwalimu Nyerere aliitoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeipa elimu ya amali nafasi kubwa tena. Mara nyingi tumeyasoma hayo kama mambo ya kuwapatia watoto ujuzi wa kazi. Karakana ya Isongole ilitufundisha kwamba kazi ya mikono hutusahihisha sisi walimu pia, kwa vile huonyesha kosa la mafundisho papo hapo. Kosa la sehemu na desimali huweza kujificha miaka mingi.

Kwa hiyo tunawashauri wanachuo mambo matatu.

Kwanza, katika andalio la somo, chini ya kichwa cha utangulizi, usiandike tu jambo ambalo wanafunzi wanalijua. Andika pia mahali ambapo jambo hilo linakoma kuwasaidia.

Pili, fanya kitendo unachokusudia kukifundisha polepole, mwenzako akikutazama na kutaja kila anachokiona: umesimama wapi, umeanza na mkono upi, umetazama wapi kwanza. Atakuambia mambo ambayo wewe hukujua kwamba unayafanya.

Tatu, mwanafunzi hodari ndiye wa kuangaliwa zaidi unapovuka kwenda katika jambo jipya. Aliyeshika vizuri somo la kwanza ndiye atakayelipeleka mbali zaidi mahali lisipofaa.

Meza ile ingali Isongole, na Mzee anaitumia kwa milango na makabati. Kabla ya kuondoka tulipaka juu yake mishale miwili kwa rangi nyekundu: mmoja kando ya diski ukielekea nyuma, na mwingine kando ya biti ukielekea mbele. Vibao vyote vya tarakimu vilikamilika na kugawiwa madarasani. Kila mwaka tunapopeleka wanachuo wapya, kabla ya mashine kuchomekwa, tunawauliza kwa nini mishale hiyo haielekei upande mmoja. Hakuna anayeruhusiwa kushika ubao kabla ya kulijibu swali hilo kwa maneno yake mwenyewe.